Kupaniki kwenye gemu: maana yake na chanzo chake mwilini

Katika mabanda ya gemu ya Mwanga na Ujiji, mjini Kigoma, mchezaji anayeongoza 2–0 akirudishiwa mabao matatu ya haraka, watazamaji humhukumu kwa neno moja: "Kapaniki." Neno ni sahihi, ila wengi hudhani maana yake ni moyo mwepesi. Kupaniki ni jambo la mwili, na kwa mshika pedi, yaani kifaa cha mkononi cha kuchezea gemu, huonekana kwanza kwenye dole gumba.

Mechi ikibana, mwili humwaga adrenalini, homoni ya kujihami. Moyo huenda mbio, pumzi hufupika, viganja hulowa, misuli hukaza. Kukaza huko kunamfaa mtu anayenyanyua gunia la dagaa pale Kibirizi; mchezaji wa gemu kunamponza. Misuli inayokunja dole gumba na ile inayolinyoosha huvutana kwa wakati mmoja, basi analogi, kile kijiti cha pedi kinachosukumwa kwa dole gumba, haisogei tena kidogo kidogo, inaruka. Pasi ya nusu nguvu inatoka nje, beki anavutwa mapema na kuacha uwazi.

Lakini presha kidogo lazima iwepo, la sivyo mtu anasinzia. Mwaka 1908 Wamarekani wawili, Robert Yerkes na John Dodson, walifundisha panya kuchagua njia sahihi kwa kuwapiga shoti ya umeme wakikosea. Kazi nyepesi ilijifunzwa upesi kwa shoti kali. Kwenye kazi ngumu, shoti ya wastani ndiyo iliyofaa. Penalti ya dakika ya mwisho ni kazi ngumu, na kelele za benchi zima mgongoni ndiyo shoti yenyewe.

Kinachosahaulika ni kiti. Benchi halina egemeo, runinga imetundikwa juu, mchezaji amepinda mgongo na mabega yamepanda hadi masikioni. Huyo amekaza kabla ya kipenga, na presha ya mechi inakuja kuongezea tu. Kanyaga chini nyayo zote mbili, laza mikono juu ya mapaja, kiwiko kikunjwe kama pembe ya mraba, na ukingo wa juu wa runinga usizidi usawa wa macho. Msimu wa mvua hewa ya ziwani ina unyevu na jasho halikauki, kwa hiyo weka kitambaa cha pamba mapajani. Pedi ikiteleza utaibana zaidi, na mkono utakaza zaidi.

Mpira ukitoka, vuta pumzi sekunde 4, itoe kwa sekunde 6, mara tatu. Mapumziko yakifika, bana ngumi sekunde 5 kisha iachie ghafla. Hapo ndipo utakapogundua ulikuwa umekaza kiasi gani.

Ganzi kwenye kidole cha mwisho ni kitu kingine. Mara nyingi ni kiwiko kilichoegemezwa kwenye ukingo wa mbao na kubana neva. Kiondoe hapo. Maumivu ya shina la dole gumba yanayodumu siku kadhaa yanataka pedi iwekwe chini na daktari auone mkono.