Linux nyepesi ni nini, na kompyuta kuukuu inahitaji nini kuipokea

Linux nyepesi ni mfumo endeshi wa Linux uliopangwa utumie RAM kidogo, nafasi ndogo ya diski na nguvu ndogo ya prosesa. Kiini chake, yaani kerneli, kinatokana na mradi uleule unaoendesha seva kubwa na kompyuta mpya. Tofauti iko juu ya kerneli. Badala ya deskitopu nzito kama GNOME huwekwa nyepesi kama IceWM, JWM, Fluxbox au LXQt, na huduma zinazojiwasha chinichini hupunguzwa. Ndiyo maana distro (toleo la Linux) ileile, mfano Debian, huweza kuwa nzito au nyepesi, kutegemea ulichochagua wakati wa kuisakinisha.

antiX, iliyojengwa juu ya Debian, inalenga mashine zenye RAM ndogo pamoja na swapu, yaani eneo la diski linalosaidia RAM ikijaa. Tiny Core ni ndogo zaidi: toleo lake lenye deskitopu halifikii MB 30. Puppy Linux hujipakia kwenye RAM ikitosha, kisha haisumbui diski tena, jambo linalosaidia sana pale diski ilipochoka.

Ila usianze na jina la distro. Anza na prosesa, kwa sababu hapo ndipo usakinishaji mwingi hukwama. Washa mashine kwa Linux yoyote ya biti 32 iliyo kwenye CD au flashi, fungua terminali, uandike `grep -w lm /proc/cpuinfo`. Mistari ikitokea, prosesa ni ya biti 64. Usipoona kitu, ni ya biti 32. Atom N270, iliyokuwa kwenye kompyuta ndogo nyingi za mwaka 2008 na 2009, ni ya biti 32. Core 2 Duo ya mwaka 2006 ni ya biti 64. Windows iliyokuwemo si kipimo, maana mashine nyingi za biti 64 ziliwekewa Windows ya biti 32.

Jambo hili lina uzito kwa sababu biti 32 inaendelea kuachwa. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi wala kerneli ya biti 32. Kwa mashine hizo kimbilia Debian 12, au antiX 23 iliyojengwa juu yake.

Ndani ya biti 32 kuna mitego miwili. Wa kwanza ni PAE, uwezo wa prosesa kufikia RAM zaidi ya GB 4. Kerneli nyingi huudai hata kama una MB 512 tu. Baadhi ya Pentium M wanao uwezo huo lakini hawautangazi, basi kerneli hukataa kuwaka. Ongeza `forcepae` kwenye mstari wa kuwashia, au tumia kerneli isiyoudai, kama `linux-image-686` ya Debian 12. Mtego wa pili ni SSE2, seti ya maagizo ya prosesa. Pentium III na Athlon XP hazina maagizo hayo, na Firefox ya sasa haifanyi kazi bila hayo. Hakuna mpangilio utakaotibu hilo. Hapo tumia vivinjari vidogo kama Dillo au NetSurf.

Kuhusu RAM, kuiongeza kunazidi faida ya distro yoyote. Ila jua aina ya RAM yako: kwenye kompyuta ya mezani, DDR ina pini 184 na DDR2 ina pini 240. Kwenye laptopu zote mbili zina pini 200, lakini pengo la katikati na volteji havilingani (2.5 kwa DDR, 1.8 kwa DDR2), kwa hiyo ikigoma kuingia usiilazimishe.

Kuandaa flashi, kwanza hakiki faili la ISO, yaani faili la distro uliyopakua, kwa `sha256sum` (linganisha namba utakayoipata na iliyochapishwa na distro), kisha tazama jina la flashi kwa `lsblk`. Andika:

`sudo dd if=antix.iso of=/dev/sdX bs=4M status=progress conv=fsync`

Badilisha `antix.iso` na X kulingana na ulichonacho. Lenga flashi nzima, yaani sdX, si sdX1 ambayo ni sehemu yake moja tu. Ukikosea herufi utafuta diski nyingine, na dd haiulizi mara mbili. Mashine isiyoweza kuwaka kutoka USB ipewe CD au DVD. CD huchukua takriban MB 700, kwa hiyo angalia ukubwa wa ISO. Au choma Plop Boot Manager kwenye CD, nayo itaiwasha mashine kutoka kwenye flashi. USB 1.1 hupitisha takriban MB 1 kwa sekunde, hivyo kusoma GB 1 huchukua zaidi ya robo saa. Skrini ikionekana imeganda, subiri. Ikibaki nyeusi baada ya kerneli kupakiwa, ongeza `nomodeset` kwenye mstari wa kuwashia.

Kwenye diski tumia jedwali la sehemu la aina ya MBR, sehemu moja yenye mfumo wa faili wa ext4, na swapu ya GB 1 hadi 2. Kadi za Wi-Fi za zamani za Broadcom mara nyingi huhitaji fimwea (programu ya ndani ya kifaa) inayopakuliwa kwa kifurushi `firmware-b43-installer`, hivyo kaa na kebo ya mtandao karibu.

Kuna hitilafu moja inayowapotosha wengi. Betri ya ubao mama, kwa kawaida CR2032, ikifa, tarehe hurudi nyuma miaka mingi. Vyeti vya usalama vya tovuti huonekana havijaanza kutumika, apt, kisakinishi cha programu cha Debian, nayo hukataa hazina za programu. Mtu hulaumu mtandao kumbe ni saa. Irekebishe kwa `sudo date -s "2025-11-20 10:00"`, ukiweka tarehe na saa za wakati huo, kisha badilisha betri.

Mfumo ukishawaka, `free -m` itakuonyesha RAM iliyobaki kwenye safu ya available. Mara nyingi utaona nafasi ya kutosha, mpaka ufungue kivinjari. Ukurasa mmoja wa leo huweza kumeza mamia ya MB, na deskitopu nyepesi haiupunguzi hata kidogo. Kwenye RAM ya GB 2 zuia matangazo kwa kiongezi cha kivinjari uBlock Origin na usifungue kurasa nyingi pamoja. Kwenye MB 512 ni afadhali mashine itumike kuandikia kwa AbiWord, kucheza muziki, au kuhifadhi faili za kompyuta nyingine kupitia SSH (njia salama ya kuunganisha kompyuta kwa mtandao), kazi ambazo itazimudu bila kugusa swapu.