Banff si mji wa kununua nyumba ya likizo

Ukiona picha za Banff, kule Alberta, Kanada, milima ina theluji na madirisha yanawaka taa, unasema moja kwa moja: hapa ni kwa matajiri, wanakuja wiki mbili kisha wanafunga nyumba. Sivyo kabisa.

Banff imo ndani ya hifadhi ya taifa. Ardhi ni ya serikali kuu. "Mwenye nyumba" kwa kweli ni mpangaji wa kiwanja kwa mkataba mrefu. Tena ili uishi pale lazima uwe na sababu: uwe na kazi au biashara hapo, uwe mke, mume au mtoto wa mwenye sababu hiyo, au umestaafu baada ya kufanya kazi hifadhini miaka 5 mfululizo. Fedha peke yake haifungui mlango.

Kwa hiyo sensa ya 2021 ilipohesabu watu 8,305, kutoka 7,851 mwaka 2016, wengi wao ni wapishi, wasafisha vyumba, madereva wa mabasi ya watalii na familia zao. Watalii, ambao hufika milioni kadhaa kwa mwaka, hawamo; sensa humwandika mtu kwenye makazi yake ya kawaida.

Nyumba za likizo zipo, ila utazikuta Canmore, nje tu ya lango la hifadhi. Shida ya Banff ni kinyume chake: mji hauruhusiwi kutanuka, vijana wa hoteli wanabanana chumba kimoja.