Ukadeti wa Anga kwa Vijana: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Mzazi anayemkataza mwanawe kujiunga na kadeti wa anga, yaani programu ya vijana wanaovaa sare na kujifunza nidhamu, uongozi na mambo ya urukaji, kwa hofu kwamba atapelekwa vitani, na kijana anayejiandikisha akiamini kwamba baada ya mwaka mmoja atakuwa rubani wa ndege za kivita, huonekana kuwa na maoni yanayopingana. Kosa lao, hata hivyo, ni moja: wote wawili wameiona sare wakahitimisha kwamba mbele yao kuna jeshi. Dhana nyingi zinazozunguka programu hizi zimeota kutokana na kosa hilo.

Dhana: Kuwa kadeti ni kuingia jeshini

Dhana hii haikuzuka bila sababu. Nchini Uingereza, Air Training Corps ilianzishwa tarehe 5 Februari 1941, Vita Kuu ya Pili ikiwa imepamba moto, kwa lengo la wazi la kuwaandaa vijana kabla hawajaingia katika jeshi la anga. Kanada ilianzisha programu yake mwaka huohuo, na Marekani ikaunda Civil Air Patrol, shirika la raia wa kujitolea katika mambo ya urukaji ambalo pia huendesha programu ya makadeti, tarehe 1 Desemba 1941, siku chache tu kabla ya shambulio la Japani dhidi ya Pearl Harbor. Aliyezisikia habari za kadeti wa enzi hizo alikuwa na haki ya kuwahesabu kuwa askari watarajiwa.

Vita vilipokwisha, msingi wa programu hizi ulibadilika. Mwaka 1946 sheria ya Marekani iliitambua Civil Air Patrol kuwa shirika la hisani lisilotafuta faida, na hata ilipofanywa msaidizi rasmi wa jeshi la anga mwaka 1948, haikupewa kazi za mapigano. Sheria ya ulinzi ya Kanada nayo inaeleza bayana kwamba makadeti, yaani vijana waliotimiza miaka 12 lakini hawajafikisha 19, si wanajeshi. Kadeti hafungwi na mkataba wa utumishi, hana mshahara wala hatumwi vitani, na akiamua kuacha hurudisha sare aliyoazimwa akaenda zake. Hata cheo cha sajini alichokipata kwa jasho lake ni cha ndani ya programu tu, na hakimpi mamlaka juu ya mwanajeshi yeyote, hata yule aliyeanza kazi jana.

Upande wa pili wa dhana hii ni imani kwamba ukadeti humhakikishia mtu nafasi jeshini. Manufaa yapo, ila yana mipaka. Kadeti wa Marekani aliyefikia tuzo ya Mitchell, mojawapo ya ngazi za kupanda katika programu ya Civil Air Patrol, akijiandikisha baadaye katika jeshi la anga la nchi hiyo, huanzia daraja la tatu la askari badala ya la kwanza, lakini unafuu huo unahusu cheo cha kuanzia na haumwondolei mitihani ya kuingilia wala vipimo vya afya ambavyo kila mwombaji hupitia.

Dhana: Kila wiki ni kuruka

Hii ndiyo inayowavunja moyo vijana wengi, na kwa maoni yangu viongozi wa vikosi wanastahili lawama kiasi, kwa kuwa matangazo yao hujaa picha za vijana ndani ya chumba cha rubani huku gwaride likiachwa pembeni. Mikutano ya kila wiki kwa sehemu kubwa hufanyika ardhini: gwaride, mazoezi ya viungo, huduma ya kwanza, usomaji wa ramani, masomo ya hali ya hewa na ya nguvu zinazoifanya ndege ielee hewani, pamoja na zamu za kuwaongoza wadogo. Kuruka huja kwa nadra. Kadeti wa Civil Air Patrol mwenye umri chini ya miaka 18 anaweza kupata safari kumi za utangulizi, tano katika ndege ndogo zenye injini na tano katika ndege zisizo na injini, na kila mara huwa na rubani aliye mtu mzima ambaye humwachia usukani kwa kitambo. Wingu likishuka chini mno au upepo ukivuma kwa kukata njia ya kurukia, safari huahirishwa bila mjadala. Usalama unaweza kusimamisha hata programu nzima: mwaka 2014 safari za ndege zisizo na injini za makadeti wa Uingereza zilisitishwa baada ya kutiliwa shaka namna ndege hizo zilivyokuwa zikisimamiwa kiufundi, na zilirejea polepole katika miaka iliyofuata.

Leseni ni jambo jingine kabisa. Kanada na Marekani humruhusu kijana kurusha peke yake ndege isiyo na injini akiwa na miaka 14 na kupata leseni yake akiwa na 16, ilhali leseni binafsi ya ndege yenye injini humsubiri mpaka 17. Kanada hutoa ufadhili wa mafunzo ya aina zote mbili kwa makadeti wake, lakini nafasi hizo hushindaniwa kwa mitihani na usaili, na wanaozikosa ni wengi kuliko wanaozipata. Mwanaanga Chris Hadfield, aliyeongoza Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu mwaka 2013, alikuwa kadeti wa anga nchini Kanada, na jina lake halikosi kutajwa katika hotuba za kuwakaribisha wapya. Ni mfano wa kweli, ila wengi waliosimama naye mstarini walishika kazi za kawaida, wala hawakuwa wamepoteza muda wao.

Dhana nyingine, kwa ufupi

Miwani haimzuii mtu kuwa kadeti, wala haimzuii kupata leseni binafsi ya urubani ikiwa inamwezesha kuona ipasavyo; asiyetofautisha rangi vizuri ndiye anayeweza kuwekewa mipaka, kama vile kutoruka usiku. Wasichana si wageni: Civil Air Patrol iliwapokea tangu miaka ya vita, na Kanada ikawafungulia milango mwaka 1975. Kuhusu gharama, Kanada haitozi ada ya kujiunga na hutoa sare bure, ilhali Marekani na Uingereza huwa na michango ya uanachama.

Kuna pia wanaodhani kwamba makadeti hufinyangwa kwa matusi na adhabu za mwili. Ukali wa gwaride upo, na sauti hupazwa, lakini udhalilishaji umepigwa marufuku, na watu wazima wanaojitolea huchunguzwa kumbukumbu zao za uhalifu kabla ya kukabidhiwa vijana. Mzazi ana haki ya kuuliza uchunguzi huo hufanywaje, na kikosi kinachokasirishwa na swali hilo hakifai.

Mwisho ni suala la umri. Vijana husema kwamba wataingia wakimaliza masomo, wakidhani muda haupiti. Marekani hupokea makadeti wapya mpaka kabla ya kutimiza miaka 19 na huwaacha waendelee hadi 21, lakini Kanada huwaaga wote siku wanapofikisha 19, na ufadhili wake wa urubani hudai ngazi za mafunzo zinazochukua miaka kadhaa kupanda. Anayeingia huko akiwa na miaka 17 na nusu atavaa sare na kujifunza mengi, ila kwa leseni ya kufadhiliwa atakuwa amechelewa.