UPS ya flaiwili haihitaji rundo la betri ili ijiendeshe

Kwa mafundi wa mitambo ya viwanda vya samaki hapa Mwanza husikika hoja hii: UPS (mtambo unaoshikilia umeme pale wa gridi unapokatika) ya flaiwili haina rundo la betri, basi umeme ukikatika saketi zake za udhibiti nazo huzimika. Sivyo.

Flaiwili ni gurudumu zito linalozunguka maelfu ya mizunguko kwa dakika, na mzunguko huo umebeba nishati. Umeme ukikatika, mota iliyokuwa ikilizungusha hugeuka jenereta papo hapo. Umeme wake hauendi kwenye mzigo (vifaa vinavyotumia umeme huo) tu. Kiasi kidogo hulisha udhibiti, na kwenye mashine za beringi za sumaku, hulisha hata sumaku zinazolibeba gurudumu lenyewe. Mzigo ukishaachiwa, mzunguko uliobaki huendelea kuzilisha sumaku hizo, gurudumu lisije likaangukia beringi za dharura likiwa bado na kasi kubwa. Ni usanifu wa akili sana.

Kasi ikishuka nusu, robo tatu ya nishati imeshatumika. Kwa mzigo kamili, mara nyingi unapata sekunde 10 hadi 30, za kusubiri jenereta ya dizeli iwake.

Betri ya kuhofia ni ya starta ya jenereta hiyo. Ipime volti wakati starta inazungusha injini, si ikiwa imetulia.