“Mbona kwangu == inakubali?” Haikubali, imebahatisha tu

Mwezi huu nimeisikia mara tatu, na watu watatu tofauti, wote wanaisema kwa kujiamini kabisa: “Kaka mbona mi nalinganisha String kwa == na inakubali, nimejaribu mwenyewe kwenye laptopu yangu.” String ni data ya maandishi, na == ni alama ya kuuliza kama viwili ni sawa. Mmoja mpaka akanionyesha, akaandika mistari mitatu pale pale, ikatoka true, akaniangalia kama mtu aliyeshinda kesi. Nimechoka. Naandika hapa mara moja, kwa Java maana ndiyo ninayoshinda nayo kutwa na ndiyo wengi ninaowakagulia kazi wanaandikia, wa Kotlin na Python nitawafikia mwishoni.

Haya. == kwenye objekti, yaani kitu ambacho programu imekiunda kwenye memori, na String ni kimojawapo, haiulizi kama vitu viwili vinafanana, inauliza kama hivi ni kitu kimoja kile kile. Chukua noti mbili za elfu kumi, ukienda nazo dukani yoyote utakayotoa unapewa mchele ule ule, thamani yake ni moja, na hapo ndipo equals, metodi ya kulinganisha thamani, ilipo. Ila zigeuze usome namba zilizochapwa juu yake, hazilingani, ni karatasi mbili. == inaangalia kama ni karatasi ile ile au siyo. Kigeu chako hakibebi objekti yenyewe, kinabeba refarensi ya kuifikia ilipo kwenye memori, na == inalinganisha refarensi mbili basi, herufi za ndani haizigusi hata moja.

Sasa mbona kwenye laptopu yako ilitoka true? Kwa sababu uliandika String a = "IMELIPWA" na chini yake String b = "IMELIPWA", na Java neno lililoandikwa moja kwa moja ndani ya programu hulitunza mara moja tu kwenye hifadhi ya pamoja, kwa hiyo a na b zote zinaelekea kwenye objekti moja. Hukulinganisha maneno mawili, ulilinganisha neno na lenyewe. Lakini neno hilo hilo likija kutoka kwenye databesi, au mteja amelichapa kwenye fomu, au limekuja na majibu ya mtandao wa malipo, hapo ni objekti mpya imeundwa programu ikiwa inatembea, na == itakupa false hata kama herufi zote nane zimelingana moja moja. Testi uliiandika wewe, maneno ya pande zote mbili uliyaandika wewe, halafu ukaenda nayo kwa watu ambao wao ndio wanachapa. Ndiyo maana nakwambia kwamba hujajaribu kitu.

Na kuna wanaoniambia “basi nitaita intern() kila mahali nibaki na ==.” intern() ni ya kulipeleka neno kwenye ile hifadhi ya pamoja. Usifanye hivyo jamani. Unafanya kazi ya ziada kwenye kila neno linaloingia, na siku utakayosahau sehemu moja tu utarudi pale pale. Andika equals.

Lakini String siyo inayoniuma zaidi, maana String inakukatalia mapema ukaiona. Inayoniuma ni namba.

Kijana mmoja alinijia Jumamosi jioni na laptopu na macho mekundu, siku tatu hajalala vizuri. Alikuwa ametengeneza mfumo wa kikundi cha kuweka na kukopa, wanachama kama tisini wakati anaanza, kila kitu kinakwenda, mwaka mzima hakuna malalamiko. Kikundi kikakua. Siku moja mama mmoja mpya akaomba mkopo mfumo ukamwambia mwanachama huyu hajulikani, na wakati huo huo jina lake liko kwenye orodha, hisa zake zipo, picha yake ipo. Aliyemfuata naye hivyo hivyo. Wazee wa zamani wote wanakopa bila shida. Kikundi kikaanza kunong'ona kwamba kijana amewekwa na viongozi wa zamani wawabanie wageni, yaani mambo yalishafika huko. Yeye alikuwa amelaumu databesi, akaifuta akairudisha kutoka kwenye nakala, akalaumu seva, akahamisha seva.

Nikamuuliza swali moja tu, huyo mama wa kwanza namba yake ya uanachama ni ngapi. Akatafuta. 128.

Sikuhitaji hata kuona programu ila tulifungua, na kweli mstari ulikuwa pale: if (m.getNamba() == ombi.getNamba()), na getNamba inarudisha Integer, siyo int. int ni namba tupu, Integer ni objekti inayoibeba. Tangu Java 5 ya mwaka 2004 lugha inaikunja int kuwa Integer yenyewe bila wewe kuomba, inaita Integer.valueOf kimya kimya, na hiyo valueOf ina akiba ya objekti zilizoundwa tayari kuanzia -128 mpaka 127. Ukiomba 90 mara mia unapewa objekti ile ile moja, == inakuwa true. Ukiomba 128 mara mbili unapewa objekti mbili, == inakuwa false. Wanachama 127 wa mwanzo walikopeshwa kwa bahati, mwaka mzima.

Akaniambia “lakini kaka mbona >= na <= zinafanya kazi kwenye namba hizo hizo?” Swali zuri, na ndilo linalowapoteza wengi. Alama hizo haziwezi kulinganisha refarensi, kwa hiyo Java inaikunjua Integer irudi kuwa int kwanza halafu ndiyo inalinganisha. Hata == ukiweka int upande mmoja na Integer upande wa pili inakunjua. Ni Integer kwa Integer tu ndiyo inabaki kuuliza karatasi ni ile ile au siyo. Kwa hiyo unaweza kuwa na a na b zote 128, a >= b ni true, a <= b ni true, na a == b ni false, kwa wakati mmoja, na Java haijakosea popote, imekujibu swali ulilouliza.

Tulibadilisha mstari mmoja. Objects.equals(m.getNamba(), ombi.getNamba()), ipo tangu Java 7 na haikurushii erori ya NullPointerException upande mmoja ukiwa null, yaani hauna kitu. Dakika mbili. Siku tatu za usingizi wa mtu na heshima yake kwenye kikundi. Naomba sana, ukiandika testi yenye namba weka 1000, weka 45210, usiweke 1, 2, 3, hizo hazitakwambia ukweli kamwe. Na usije ukaniambia umesoma mahali kwamba ile akiba inaweza kuongezwa kwa -XX:AutoBoxCacheMax, ndiyo inaongezeka, na bado utakuwa umejenga nyumba juu ya bahati, umeongeza vyumba tu.

Kuna upande wa pili wa kosa hili, wale wakishasikia haya wanatoka wanasema == ni mwiko. Siyo mwiko. int kwa int, boolean, kuuliza kama kitu ni null, na enum, yaani aina yenye orodha ya thamani ulizozitaja mwenyewe, huko == ndiyo sahihi. Enum kila thamani yake ipo moja tu kwenye programu nzima, na kwa kweli hali ya malipo ilitakiwa iwe enum tangu mwanzo, siyo String ya "IMELIPWA" ambayo mmoja anaandika herufi kubwa mwingine ndogo. Hilo nalisema kila wiki.

“Nimeandika equals yangu, hashCode ya nini tena?” Ya HashSet na HashMap, makusanyo ya Java yanayopanga vitu kwa hashCode, namba inayokokotolewa kwa kila objekti. Zenyewe kabla ya kuita equals zinaangalia hashCode zijue zikatafute kwenye fungu lipi, kwa hiyo wanachama wawili wanaolingana kwa equals lakini hashCode zao umeziacha za Object, klasi mama ya zote, kila mmoja anatupwa kwenye fungu lake na seti yako inabeba mtu mmoja mara mbili. Sheria ni kwamba zikilingana kwa equals lazima hashCode ziwe sawa. Kinyume chake siyo lazima: "Aa" na "BB" zote hashCode yake ni 2112, piga hesabu mwenyewe, 65 mara 31 jumlisha 97, halafu 66 mara 31 jumlisha 66. Kwa hiyo yule anayelinganisha hashCode badala ya equals “ili iwe haraka” naye aache leo. Na hashCode siyo anwani ya memori, objekti inahamishwa na mkusanya taka wa Java, anayesafisha memori, mara kibao na hashCode yake inabaki ile ile.

Kama uko Java 16 kwenda juu tumia record, aina fupi ya klasi ya kubebea data, equals na hashCode unaandikiwa, umemaliza.

Halafu hii ndogo lakini inaua: mtu anaandika public boolean equals(Mwanachama m), anaona ameandika equals. Hujaandika. Ya Object inapokea Object, wewe umetengeneza metodi nyingine yenye jina moja, na ArrayList ikiita contains itaita ile ya zamani. Weka @Override, alama ya kusema unaandika upya metodi ya mzazi, juu yake kila siku, na kompaila, ile inayotafsiri programu yako kabla haijatembea, itakukatalia hapo hapo.

Kwenye hela, BigDecimal (aina ya namba za desimali) ya "2.0" na ya "2.00" kwa equals ni false, maana equals yake inaangalia na idadi ya desimali. Tumia compareTo uone kama inarudisha 0. Na Long (objekti ya namba kubwa) yenye 1 ukiiambia equals(1) ni false vile vile, kwa sababu hiyo 1 imekunjwa kuwa Integer na Long haimtambui Integer hata akiwa na thamani ile ile.

Tuje kwenye kukasti, yaani kuitaja objekti kwa aina nyingine, maana kuna imani moja inazunguka kwamba ukikasti unaibadilisha objekti. Hubadilishi kitu. Mama yule yule mtaani ni Mama Asha, shuleni ni Mwalimu, kwenye kikoba ni Mwekahazina, ukibadilisha jina unalomwitia umebadilisha unachoweza kumuomba, yeye yuko vile vile. (Mwalimu) mtu ni wewe kumwambia kompaila niamini, huyu ni mwalimu. Kompaila anakubali kama inawezekana, ila programu ikifika pale inakagua kweli, na kama siye unapata ClassCastException. Watu wanaizungushia try na catch kana kwamba ni hali ya hewa mbaya, wakati ni uongo wao wenyewe umegundulika. Uliza kwanza, if (mtu instanceof Mwalimu w), tangu Java 16 unapata w ikiwa tayari imekastiwa, huna haja ya mstari wa pili.

Kwa sababu hiyo hiyo ukikasti kwenda juu hupati metodi ya mzazi. Mtu ana AkauntiYaAkiba, anaandika ((Akaunti) akiba).kokotoaRiba() akitegemea ile hesabu ya mzazi, anashangaa riba ni ile ile ya akiba. Metodi inachaguliwa na objekti yenyewe, siyo na jina uliloiitia. Sehemu za data ndizo zinazofuata jina, na ndiyo sababu nyingine ya kuzifanya private uachane na hayo maumivu.

Aina za chini kama int na double ni habari nyingine kabisa, huko kukasti kunabadilisha thamani kweli na hakukwambii. (int) 3.99 ni 3, inakatwa haikadiriwi, na (int) 3000000000L ni -1294967296. Fikiria hiyo ni shilingi za mtu. Math.toIntExact inakurushia erori badala ya kukudanganya, itumie. Na "5" haikastiwi kuwa namba, kompaila atakukatalia, andika Integer.parseInt.

Kuna na ile ya kukasti Object kuwa List<String>, kompaila anatoa onyo, mtu analizima kwa @SuppressWarnings anaendelea. Programu ikitembea haikumbuki String ile iliyo ndani ya mabano, inaona List tu, kwa hiyo pale inapita, halafu inakuja kulipuka mbali kabisa siku unapotoa kitu cha kwanza na kumbe ni Integer. Unatafuta bagi kwenye faili ambalo halina kosa lolote.

Wa Kotlin nyie mmepunguziwa, == yenu inaita equals na ya kuuliza karatasi ni ile ile ni ===. Ila ukiita klasi ya Java ambayo haina equals yake, == yako inarudi kuwa ile ile ya kuangalia karatasi, kwa hiyo ikague kabla hujaiamini. Wa Python msicheke, is yenu ndiyo == ya Java, na CPython, Python ile ya kawaida, nayo ina akiba ya namba kuanzia -5 mpaka 256, kwa hiyo kijana wangu wa kikundi angeandika kwa Python akatumia is, angelala vizuri mpaka mwanachama wa 256, na wa 257 akija kuomba mkopo tungeonana. Tangu Python 3.8 ukiandika is kwa neno au namba uliyoiandika hapo hapo unapewa onyo la SyntaxWarning, ila vikiwa ni vigeu viwili hakuna wa kukuonya.