Magego manne hayakushikilia uso wako

Juzi tena. Mtoto yuko kwenye kiti, mdomo wazi, na kabla sijamaliza kuvaa glavu mama yake amenikabidhi simu: "Daktari, hebu mwone huyu. Aling'olewa magego manne ili anyooshwe meno, uso ukabonyea."

Nikamwona. Picha ya kwanza ni kabinti kenye mashavu ya kitoto, kanacheka. Ya pili ni msichana mzima, kanuna, taa inammulika kutoka juu. Mashavu yake yamekwenda yaendako mashavu ya utoto ya kila mtu, magego yakasingiziwa.

Mashavu tuyamalize haraka: yanabebwa na mfupa wa shavu, mafuta na misuli. Gego dogo lililo nyuma ya chonge halibebi shavu lolote. Kinachobadili sura ni pale meno ya mbele yanapoishia, na jinsi mdomo unavyoyafuata.

Kinachonichosha ni kudhani kwamba pengo la jino lililong'olewa ni shimo la kutumbukizia meno ya mbele. Pengo hilo mara nyingi lina mwenyewe tayari. Gego dogo lina upana wa milimita 7 hivi. Ukitoa mawili kwenye taya moja umepata 14. Mtoto wa mama huyu nilimpima kwenye sanamu ya plasta ya meno yake: chonge zote mbili za juu zimekosa pa kukaa, zimechomozea juu kwenye ufizi. Upungufu wa nafasi, milimita 9. Zinabaki 5, yaani mbili na nusu kila upande, na hata hizo si zangu zote, kwa sababu magego makubwa ya nyuma yatasogea mbele yachukue fungu lao, nitake nisitake. Meno ya mbele yakirudi nyuma milimita moja, yamejitahidi. Uso gani huo unaobonyea kwa milimita moja?

Mwingine meno yake yamenyooka vizuri ila yamechomoza, na midomo haikutani mpaka akaze kidevu kikafanya vishimovishimo. Kwake karibu pengo lote nalitumia kurudisha meno nyuma, na mdomo unarudi, ndicho alichofuata. Magego manne yaleyale. Kwa hiyo ukiniambia "kung'oa kunaharibu sura", nitakuuliza: ya nani?

"Basi panua taya tu, using'oe." Nipanue mpaka wapi? Mfupa ulio mbele ya mizizi ni mwembamba. Meno yaliyosongamana yakilazimishwa kukaa yote, huinamia mbele, yakasukuma midomo, na ufizi unaweza kushuka. Picha za hao sijaletewa bado.

Woga wenyewe haukuzuka hewani. Huko Marekani, daktari wa kunyoosha meno Edward Angle alishikilia kwamba kila jino libaki. Mfuasi wake Charles Tweed hakuridhika na nyuso alizozitengeneza kwa njia hiyo, akawarudia wagonjwa wake 100, safari hii kwa kung'oa. Waliofuata wakanogewa, wakang'oa hata pasipohitajika, na zipo nyuso zilizobonyea kweli. Hilo silikatai.

Na usiniletee ule mstari wa kupimia midomo, unaopigwa kutoka ncha ya pua hadi kidevu. Vipimo vyake vilitokana na nyuso za Wazungu; ukiwawekea Waafrika, karibu kila mtu ni mgonjwa.

Shaka yangu iko kwenye mdomo. Vitabu vina uwiano wa jino na mdomo, yaani jino likirudi kiasi hiki mdomo unarudi kiasi gani, ila ni wastani, na anayeketi kwenye kiti si wastani. Mdomo mwembamba hufuata jino. Mnene mara nyingi hujikalia. Nilishawahi kumrudishia kijana mmoja meno nyuma, mdomo wake wa juu ukalala kuliko nilivyotaka, pua ikajitokeza. Yeye alifurahi. Mimi nikiiona picha yake ya pembeni natamani ningemwachia milimita mbili. Tangu hapo, mwenye pua ndefu na kidevu kilichotoka namfikiria mara tatu kabla ya kung'oa.

Mama akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia kwa milimita, ndiyo. Kwa mdomo, karibu. Akaizima simu. Mtoto, ambaye hakuna aliyekuwa amemuuliza kitu, akasema yeye anataka chonge zishuke, basi.