Majivu hayachanganywi na maji: Kwaresima ya Wamethodisti ninavyoiandaa

Kila mwaka, kama juma moja kabla ya Jumatano ya Majivu, lazima anitokee mtu mlangoni mwa kanisa na swali lilelile: "Mwalimu, haya mambo ya kupakana majivu si ya Wakatoliki?"

Mimi ni mhubiri wa Kimethodisti huku Pwani ya Kenya, na kwa miaka mingi nimekuwa natwikwa kazi ya kupanga ibada za sakiti yetu, yaani kundi letu la makanisa jirani, tangu siku ya majivu hadi alfajiri ya Pasaka. Zamani swali hilo lilinikera. Siku hizi nalipenda, kwa sababu anayeuliza yuko karibu na ukweli kuliko anavyojidhania.

Mwaka 1784 John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, aliwatengenezea Wamethodisti wa Marekani kitabu cha ibada. Alichukua kitabu cha sala cha Kanisa la Uingereza, akakifyeka. Sikukuu nyingi alizitoa akisema kwamba kwa wakati ule hazikuwa na faida. Kwaresima ikaenda na hilo panga. Ijumaa Kuu ikabaki, Pasaka ikabaki, na kuhusu kufunga akaandika Ijumaa zote za mwaka, ila Krismasi ikiangukia Ijumaa watu wasifunge. Kwa hiyo mzee wetu hakuwa mvivu wa kufunga. Alikuwa kijana pale Oxford akifunga Jumatano na Ijumaa mpaka saa tisa alasiri. Nadhani alichokataa ni mtu kufunga siku arobaini kisha akakaa mwaka mzima ameshiba na amesahau.

Kwaresima ilirudi kwetu polepole, katika karne ya 20, Wamethodisti walipoanza tena kufuata mpangilio wa masomo ya mwaka wa kanisa pamoja na madhehebu mengine. Kitabu cha ibada cha Wamethodisti wa Uingereza cha 1999 kina ibada kamili ya Jumatano ya Majivu. Basi mzee wa Ribe akikwambia utotoni hakupakwa majivu, usimbishie. Ribe, huku Pwani, ndipo mmisionari Thomas Wakefield alipoanzisha kituo mwaka 1862, na umethodisti aliokuja nao ulikuwa wa mahubiri, nyimbo na shule. Majivu hayakuwamo kwenye sanduku lake.

Sasa kwa nini tunayapaka? Nami huwa najibu: kwa sababu yanatusaidia, na siku yakiacha kutusaidia tutayaacha, kama Wesley alivyoacha. Wachungaji wengine hawapendi jibu hili.

Lakini ukiamua kuyapaka, yapake vizuri. Hapa wengi hukosea, na mimi nilikosea kuliko wote.

Matawi ya Jumapili ya Matawi hatuyatupi. Kwetu ni makuti machanga ya mnazi, na watoto husuka misalaba kwa chane zake. Tunayafunga kamba na kuyaning'iniza mahali pakavu hadi mwaka unaofuata. Kabla ya Kwaresima unayachoma. Ukiyachoma wazi, kwenye upepo, utapata jivu jepesi la kijivu ambalo halionekani kabisa kwenye paji la uso. Tia makuti kwenye sufuria kuukuu, yawashe, yakishashika moto funika nusu ili yaungue kwa kukosa hewa. Yatatoka meusi kama makaa. Yaponde kinuni, yachekeche kwa chungio la unga, kisha rudia kwa kitambaa chepesi. Kikombe kimoja cha chai kinatosha kanisa kubwa, na hubaki.

Halafu ni mafuta. Matone machache ya mafuta ya nazi, ukoroge mpaka yashikane. Huku Pwani joto halituachi, mafuta hayagandi. Ndugu zetu wa Meru, kwenye baridi, heri watumie mafuta ya kupikia. Maji usitie. Mwaka wangu wa kwanza nilitia maji, nikidhani mafuta ni mapambo tu. Kabla ya wimbo wa mwisho watu walikuwa wanajikuna mapaji ya uso, na mtoto mmoja analia. Mama mmoja mwenye asili ya Magharibi mwa Kenya akaja kunifundisha huku anacheka: kwao majivu yakichujwa kwa maji ndiyo hutoa munyu wa kulainishia mboga. Ukali unaolainisha kunde utaihurumia ngozi ya mtu?

Kuna jambo jingine la siku hiyo ambalo mimi hulifurahia kimoyomoyo. Somo la Injili linatoka Mathayo 6: "Bali wewe ufungapo, jipake mafuta kichwani, unawe uso." Tukimaliza kulisoma, tunawaita watu mbele tuwachafue uso. Najua wahubiri wanaoliruka somo hilo wasiulizwe. Mimi nalisoma lote, nawapaka nikisema "u mavumbi wewe, nawe mavumbini utarudi", halafu karibu na mlango naweka ndoo ya maji na kitambaa. Anayetaka kunawa anawe kabla hajapanda matatu. Karibu nusu hunawa. Hakuna anayehesabu.

Hesabu ya siku huwachanganya watu, niimalize haraka. Tangu Jumatano ya Majivu hadi Pasaka ni siku 46. Toa Jumapili sita, zinabaki 40. Jumapili ni siku ya ufufuo, hatufungi. Pasaka yenyewe ni Jumapili baada ya mwezi mpevu wa kwanza kuanzia tarehe 21 Machi, ndiyo maana hutembea kati ya Machi 22 na Aprili 25. Wavuvi huwa wepesi zaidi kulielewa hili kuliko wanafunzi wangu wa kipaimara. Wao wanajua bamvua ya mwezi mpevu. Waambie Pasaka ni Jumapili inayoifuata, wamemaliza.

Tuje kwenye kufunga, maana hapo ndipo nina neno.

Kwaresima yetu huja mwisho wa kaskazi. Jua limechoma, mvua za masika hazijashuka, ghala la nyumba nyingi za vijijini limebaki vumbi na panya. Kumwambia mama anayepika mara moja kwa siku kwamba Mungu anamtaka aache mlo mmoja ni kumdhihaki. Nimewahi kusikia mahubiri ya namna hiyo, na nilitazama chini kwa aibu. Wesley katika mahubiri yake juu ya Mathayo 6 alionya watu wasiuumize mwili kwa kufunga, kwa kuwa afya ni zawadi ya Mungu, na alikuwa akihubiria watu ambao wengi wao walikuwa maskini. Kwa hiyo wajawazito, wenye kisukari, wenye kunywa dawa kwa chakula, wazee na watoto: kwangu hao hawafungi chakula, na sitaki kusikia kiongozi akiwakodolea macho.

Na mwenye chakula? Huyo afunge, na mlo alioacha uonekane mahali. Isaya 58, somo jingine la siku ya majivu, halina kona: saumu ni kumgawia mwenye njaa chakula chako. Kama umeacha chai ya saa nne na mahamri yake, pesa ya chai na mahamri iko wapi? Kama imebaki mfukoni, ulichofanya ni kubana matumizi. Ndiyo maana sina shauku na zile ahadi za mtindo, "mimi Kwaresima hii naacha soda". Acha, ni vizuri kwa meno. Nani amepata hiyo soda?

Jirani zetu Waislamu wametufundisha mengi hapa kwa vitendo. Mwaka 2026 Jumatano ya Majivu ilikuwa tarehe 18 Februari, na Ramadhani ikaingia juma hilohilo. Mtaani kwetu magharibi ikifika sahani za futari huvuka ua bila kuuliza nani dini gani: muhogo wa nazi, mbaazi, tambi. Siku moja nilikuwa nimefunga hadi jioni, jirani akaniambia, "Mwalimu, leo futuru nasi, saumu ni saumu." Nikafuturu.

Chombo cha Wamethodisti cha kazi hii ni darasa. Sisemi darasa la shule. Mwaka 1742 huko Bristol waumini walikuwa na deni la jengo lao, wakakubaliana kila mtu atoe peni moja kwa juma, na kwa kila watu kama kumi na wawili awepo mmoja wa kuzunguka nyumbani kwao kukusanya. Wazungukaji walipoingia majumbani waliona mengi kuliko peni: huyu mgonjwa, huyu amerudia ulevi, huyu hana kitu chunguni. Wesley akaona kwamba ukusanyaji wa deni umemzalia uchungaji. Mpaka leo tuna viongozi wa madarasa, ingawa mahali pengi kazi yao imebaki kuandika majina na michango.

Kwetu Kwaresima ndiyo majira ya kumrudisha kiongozi wa darasa njiani. Kila juma anatembelea nyumba mbili au tatu. Haendi na risiti. Anauliza swali la zamani la Wamethodisti kwa lugha ya kwetu: hali ya moyo ikoje? Bibi mmoja, kiongozi wa darasa kwa miaka mingi, alinifundisha kwamba swali hilo haliulizwi ukiwa umeketi sebuleni. "Mwanangu, msaidie kwanza kuchambua mchele. Mtu husema mikono ikiwa na kazi." Tangu hapo ndivyo ninavyowafundisha wapya.

Juma Kuu lina shughuli nyingi na watu wachache, kwani Alhamisi mchana nusu ya kwaya imeshapanda basi kwenda bara. Usipange wimbo wa sauti nne unaotegemea besi wawili wa Meru. Alhamisi usiku tunaosha miguu. Tumia maji ya vuguvugu, na mchungaji aanze na wasiotarajiwa, mlinzi na wafagiaji. Kisha Meza ya Bwana, kwa zabibu isiyo na kileo. Jambo hili la pili ni letu hasa: Thomas Welch, daktari wa meno Mmethodisti wa New Jersey, ndiye aliyefanikiwa mwaka 1869 kuchemsha maji ya zabibu yasichachuke, apate kuyatumia kanisani. Baada ya ushirika tunavua meza vitambaa, tunatoka bila wimbo.

Ijumaa Kuu ni maneno saba ya msalabani, wahubiri saba, saa sita hadi saa tisa. Dakika kumi kila mmoja, nami hukaa mbele na saa. Wa neno la nne huwa ndiye mwenye kuzidisha, sijui kwa nini.

Alfajiri ya Pasaka tunakutana saa kumi na moja nje, gizani, na moto mdogo. Ibada ya namna hii ilitoka kwa Wamoravian, ambao vijana wao wa Herrnhut, Ujerumani, walikwenda makaburini alfajiri mwaka 1732. Wesley mwenyewe alikwenda Herrnhut mwaka 1738 kujifunza kwao. Ukienda Tanzania, Wamoravian na Walutheri bado huenda makaburini siku hiyo. Sisi hukaa uani, chini ya minazi, na "Haleluya" ambayo hatukuiimba tangu majivu hutoka kwa fujo, funguo mbili tofauti, mpaka mpiga ngoma atuokote.

Jumatatu ya Pasaka ni sikukuu, watu wanalala. Viongozi wa madarasa na mimi tunakutana chumba cha nyuma na makopo ya sadaka ya Kwaresima. Ndani mna shilingi za chai iliyoachwa, na pembeni unga, maharagwe, sukari, wakati mwingine sare ya shule iliyotumika mwaka mmoja. Kila kiongozi anasema nyumba anayoifahamu na inachohitaji, tunagawa, naye anapeleka jioni giza likiingia. Orodha ile haisomwi kanisani, na karatasi yake naichoma mwenyewe.